Udi wa Mchana

Lisemwalo halipo, na lililopo halisemwi. Najua wazee waliisema kinyume: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini wazee hao hawakuwa wajane, wala hawakukaa mtaa wa Mkomani ukuta mmoja na wifi yao. Mwanamume niliyesemwa naye hakuwapo. Kilichokuwapo nyumbani kwangu muda wote ule kilikuwa mkojo, na huo hakuna aliyeusema, mimi nikiwa wa kwanza kutousema.

Hata sasa nikilitaja neno hilo uso hunipata moto.

Alasiri ile tulikuwa watatu katika ua wa ndani: mimi Mwanamkisi, mwanangu wa kwanza Mahdi, na Bi Hadil, dada wa marehemu mume wangu. Wao wameketi juu ya mkeka. Mimi nimesimama, mgongo ukutani, kanga mbili kiunoni chini ya dera, na chini ya kanga hizo kitambaa cha shuka kuukuu nilichokikunja mpaka kikawa kinene kama mto wa mtoto.

"Mama, keti," Mahdi alisema.

"Nimezoea kusimama."

"Tangu lini?"

"Tangu nipate miguu."

Hakucheka. Mahdi ni mtoto mwema, ila tangu afungue duka la saruji na mabati amekuwa mzito kama bidhaa zake. Alitazama mlango wa nje, akashusha sauti. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nje yake, dakani, kwenye baraza la mawe, alikuwa ameketi Bwana Barka wa Pate na kikombe cha kahawa ya tangawizi niliyompikia mimi, akingoja jibu la posa yake. Kumfungia mgeni mlango ni tusi. Kwa hivyo tulikuwa tukinong'onezana ndani ya nyumba yetu wenyewe kama wezi.

Bi Hadil alivuta hewa puani, polepole, kama mtu achaguaye samaki.

"Udi," alisema. "Jua hili, udi."

Kwetu kisiwani Amu udi una saa zake na watu wake. Mke hufukiza nguo zake jioni kwa ajili ya mume. Bibi arusi hufukizwa. Mgeni wa heshima huletewa chetezo apitishe moshi ndevuni. Mjane hufukiza nyumba siku ya Ijumaa, kidogo, akamrehemu marehemu wake. Lakini mjane afukizaye kila siku, mchana, tena nguo zikiwa mwilini, hakuna asemaye kwamba anapenda manukato. Huulizwa anamfukizia nani. Nami nilikuwa nikisimama juu ya chetezo adhuhuri na alasiri, dera limetanda kama hema, moshi ukipanda mapajani, nikimwomba Mola uifunike ile harufu nyingine. Uliifunika. Ila ulinifunua mimi.

"Mwanamkisi," Bi Hadil alisema, "nimekustahi miaka yote. Lakini ukuta wetu ni mmoja, na sikio halina komeo. Kabla ya adhana ya alfajiri nasikia mayi yamwagika huku kwako. Kila siku ya Mungu. Mjane aoga alfajiri, ameamka na nini?"

Mbele ya mwanangu. Mahdi aliviangalia vidole vya miguu yake. Mwislamu gani asiyejua maji ya saa ile huogwa baada ya jambo gani? Nilitamani ardhi ipasuke, na isipopasuka basi angalau dari ianguke, ituzike sote watatu na maneno yetu.

"Shangazi, taratibu," Mahdi alisema. "Mgeni yuko nje."

"Na asikie! Afadhali asikie kuliko kuuziwa mbuzi ndani ya gunia."

"Shangazi!"

"Haya, nimenyamaza. Sema wewe. Muulize ya Mokowe."

Mahdi alipangusa jasho. "Mama, ulituambia wenda Kipungani kununua mikeka. Umeonekana ukishuka boti ya Mokowe. Na si mara moja."

"Na mikeka yenyewe i wapi?" Bi Hadil alidakia, akiupigapiga waliokalia. "Huu si ule wa arusi ya binti yako Fahima? Umechoka mpaka watuchoma makalio."

Nilifumba mdomo. Ningesema nini? Uongo wangu ulikuwa wa kipumbavu. Mtu akisingizia mikeka ya Kipungani, walau anunue mmoja.

Jambo lenyewe lilianza kidogo kidogo, baada ya hedhi kukatika. Nikipiga chafya, tone. Nikiinua ndoo, tone. Baadaye halikuwa tone tena. Nikaacha kunywa maji mchana, ulimi ukawa kama gome. Nikaacha arusi, kwani arusini watu hucheka, na hukaa juu ya mikeka ya wenyewe. Nikaacha darsa ya wanawake. Mjukuu wangu akija mbio kunirukia nilimzuia kwa mkono, mpaka siku moja akaniuliza, "Bibi, hunipendi tena?" Nikamwambia mgongo wauma. Mtoto yule ameshaacha nepi. Mimi ndiye niliyezianza.

Hospitali ya hapa sikwenda. Hapa kila akaaye benchi ni binamu ya mtu, na kabla hujafika nyumbani ugonjwa wako umeshafika. Nikavuka bara, Mokowe, kwenye kliniki ndogo ambako hakuna alijuaye jina la babangu. Muuguzi, mwanamke wa bara mwenye sauti ya juu, aliniuliza nimezaa wangapi.

"Sita."

"Na hii shida umekaa nayo kimya?"

"Ni uzee," nilisema, nikitazama sakafu.

"Si uzee, Mama. Ni misuli ya chini imelegea. Ina mazoezi yake, na mazoezi yasipotosha kuna matibabu mengine. Wamama wa umri wako wanakuja hapa kila wiki, na kila mmoja anadhani yuko peke yake duniani."

Akanifundisha kukaza na kulegeza, nikiwa nimelala, nikiwa nimekaa, nikiwa nachambua mchele. Akanikataza kujinyima maji. Nikaanza kuona nafuu, kidogo. Lakini bado nilifua vitambaa vyangu kabla ya alfajiri, nikajitoharisha, nikavianika chumbani. Nafuu ya mwili huja na boti ya kwanza. Ya aibu huja na ya mwisho, ikija.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya mdomo wangu uliofumba.

"Yuaona?" Bi Hadil alimwambia Mahdi. "Hana la kusema."

"Mama, mimi si adui yako." Mahdi alinigeukia. "Bwana Barka ni mtu wa heshima. Kaka yako Abubakr ndiye walii wa kukuozesha, na ameridhia, ila amesema watoto waridhike kwanza. Sasa mimi nitoke pale dakani nimwambie nini? Nimpe mkono wako, kisha kesho asikie mtaani kwamba mamangu..." Hakuimaliza. "Afadhali nimkatae leo kwa adabu. Wewe uhamie kwangu. Chumba kipo."

Chumba kipo. Alikuwa akinihurumia. Mwanangu wa kumzaa ananihurumia kwa zinaa ambayo sikuifanya, na mimi nimeinamisha kichwa kana kwamba niliifanya. Aibu haichagui, ukishaizoea kwa jambo moja, huinamia kila jambo.

Na nje, jiwe kwa jiwe na ukuta wangu, Barka.

Niwaeleze kuhusu Barka, kwani tangu nianze nimemweka nje kama walivyomweka wao. Ana shamba la ndimu na minazi huko Pate. Mimi napika achari. Wachuuzi wengine huleta ndimu zao wakaenda zao. Yeye alikuwa akiliweka pakacha, akaketi dakani, akapumzika. Nilimjua kwa mikono kabla ya uso. Mimi nyuma ya ubao wa mlango, yeye nje, kikombe cha kahawa kinapita katikati yetu. Mikono mikavu, iliyopasuka kwa ukali wa ndimu. Ilipokea kikombe kwa adabu kubwa, bila kugusa wangu, na siku moja nilijikuta naichukia adabu ile.

"Bi Mwanamkisi," aliniambia siku ambayo siisahau, "ndimu hizi nimezichuma mwenyewe, moja baada ya moja."

"Na hii iliyooza, Bwana Barka?"

"Hiyo ilitoka Pate nzima kabisa. Imeoza kwa kukungoja ufungue mlango."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mume wangu Athman atangulie mbele ya haki. Kicheko kilinishika kifuani kikashuka tumboni, na kilipofika chini kikafungua nilichokuwa nimekibana siku nzima. Maji ya moto yakanitiririka miguuni mpaka kwenye visigino. Nilimfungia mlango usoni, kwa kishindo, kikombe chake kikiwa bado mkononi mwangu.

"Bi Mwanamkisi?" alisema nyuma ya mlango. "Nimekukosea?"

Nilisimama juu ya maji yangu, mkono mdomoni.

"Kama nimevuka mpaka, niwie radhi. Ulimi wangu huu."

Akangoja. Nikasikia makubadhi yake yakiondoka, polepole, yakisimama, yakiondoka tena. Yeye akaamini amenivunjia heshima kwa utani, kwa hivyo akarudi na heshima kamili: akampelekea posa kaka yangu Abubakr. Mimi nikashindwa kusema ndiyo, nikashindwa kusema la. Ningesemaje ndiyo? Mtu huyu hunichekesha. Hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake. Wanawake wengine huogopa mume mkali. Mimi nilimwogopa mume atakayenichekesha kitandani kwake.

"Ni nani?" Mahdi aliuliza sasa, chini kwa chini. "Nambie jina tu, Mama. Kama aweza kukuoa, akuoe."

Hapo nilichoka. "Mimi niulizwe jina? Nyinyi ndio mnaomjua. Nambieni mimi ni nani huyo, nami nimfahamu."

Bi Hadil alitazama kando, akajiweka sawa buibui. "Wasema watu ni Abdulhalim."

"Abdulhalim yupi?"

"Wa mitungi ya gesi."

Nilimtazama. "Abdulhalim wa gesi?"

"Siku ya yana aliingia humu akakaa mpaka kahawa ikapoa vikombeni kwa watu."

"Alikuwa chini ya meza, Hadil! Akitafuta tundu la mpira wa jiko! Umekatwa na panya!"

"Ndivyo asemavyo."

"Abdulhalim?" Sikuamini. Kijana yule, mwenye mkoba wa spana, ambaye humpigia mkewe simu kutoka kila nyumba anayoingia kumuuliza, "Mke wangu, leo twala nini?" Alipokuwa chini ya meza yangu alimpigia mara mbili. Mara ya pili alinipa simu nimwambie mwenyewe kwamba bado yuko kwangu, chakula kifunikwe. Huyo ndiye mwanamume wangu wa siri. Huyo ndiye niliyemfukizia udi.

Nikacheka.

Sikutaka. Nilibana midomo, nikabana mapaja, nikakumbuka mazoezi yote ya muuguzi, kaza, kaza, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka na hakirudishwi kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilicheka mpaka mgongo ukateleza ukutani. Na kilichokuwa lazima kiwe kikawa. Kitambaa kikalowa, kanga zikalowa, dera likashika miguu, na sakafuni, kwenye saruji nyeupe niliyoisugua asubuhi ile ile, mchirizi ukaanza safari yake taratibu kuelekea kwenye mkeka.

Bi Hadil aliufuata kwa macho mpaka ulipougusa ukingo wa mkeka, akavuta buibui lake.

Mahdi, Mungu amhifadhi mtoto wangu, alinyoosha mkono kuelekea kwenye balasi la maji lililokuwa karibu nami. "Mayi... mayi yamemwagika," alisema. "Balasi lavuja, Mama. Nimekwambia lile balasi."

Alikuwa ameelewa. Alikuwa ananitupia nguo nijisitiri.

Nami ningeweza kuichukua. Balasi lavuja: maneno mawili. Mkojo ungefichika, tungefuta sakafu, na wangeendelea kunisingizia Abdulhalim. Barka angeondoka na jibu la Mahdi la adabu, akaamini mpaka kufa kwake kwamba nilimfungia mlango kwa sababu ndani palikuwa na mwingine. Uso ulinichoma, masikio yakavuma. Aibu moja ilikuwa yangu kweli, na nyingine haikuwa yangu, na nilikuwa siwezi kuivua ile ya uongo bila kuvaa ile ya kweli mbele ya watu.

"Balasi ni zima," nilisema.

"Mama."

"Ni mimi. Nimejikojolea."

"Mama! Mgeni yuko nje!"

"Najua yuko nje. Ndiyo maana nimepaza sauti."

Na nikaipaza zaidi, ingawa ilitetemeka, ingawa machozi yalinitoka na sikuwa na mkono mkavu wa kuyafuta. "Mkojo hunitoka, Mahdi. Nikicheka, nikikohoa, nikiinua kitu. Udi nafukizia mkojo. Mayi ya alfajiri nafulia mkojo. Mokowe nilikwenda kutibiwa mkojo. Hakuna mwanamume humu. Laiti angekuwapo, pengine angenisaidia kufua."

Bi Hadil alishika kichwa kwa mikono miwili. "La haula! Neno hilo, na mwanamume wa watu asikia!"

Nilikuwa nasikiliza nje.

Kikombe kiliwekwa juu ya jiwe. Nikasikia makubadhi yakikwaruza. Moyo wangu ulifuata ule mkwaruzo kama nilivyoufuata siku ile: sasa anasimama, sasa anashuka kwenye njia, sasa ataipita nyumba ya Hadil, sasa hayupo. Nilifumba macho. Basi, nilijiambia. Walau ameondoka na kweli.

Mkwaruzo ukasimama. Haukuwa umeenda mbali. Ulikuwa umekuja mlangoni.

"Bi Mwanamkisi." Sauti yake ilitoka nyuma ya ule ubao ambao siku zote nilisimama nyuma yake mimi.

"Naam, Bwana Barka."

"Siku ile uliponifungia mlango..."

"Naam."

"Ilikuwa ni kicheko?"

"Ilikuwa ni kicheko."

"Si hasira?"

"Ulinichekesha, Bwana Barka. Ndimu yako ile. Nikalowa mpaka miguuni, nikaona haya."

Nikasikia pumzi ndefu, ya mtu aliyeshusha gunia.

"Mola wangu," alisema. "Mimi tangu siku ile nimeapa sitanii tena. Ndugu zangu wauliza kama ni mgonjwa." Alikohoa kidogo. "Mwanangu Mahdi, niwie radhi, nasema na mamako, umri wetu hauna tena nafasi ya kuzunguka. Bi Mwanamkisi, mimi nina miaka sitini na saba. Nikiamka usiku kwenda chooni, ndia nzima nasoma dua nifike. Mara nyingine dua hukubaliwa." Akashusha sauti. "Mara nyingine nafua."

Mahdi aliziba uso kwa kofia yake.

Nami? Nilicheka tena. Machozi yananitoka, nacheka, na chini yakanitoka tena, machache yaliyobaki, na mara hii sikukimbilia chumbani wala sikufunga mlango. Nilisimama pale pale, nimelowa, uso moto kama chetezo, aibu yote iko palepale ilipokuwa, haikupungua hata chembe. Ila nilikuwa nimesimama nayo mbele ya mtu, na mtu hakuondoka.

"Na huo udi," Barka alisema, akisikia kicheko changu akapata nguvu, "mimi wanipa kikohozi. Ukija Pate usinifukizie. Nipe jibu langu tu, la kwako, si la Mahdi. Ukisema la, nitaendelea kuleta ndimu. Nitazichagua zisizooza."

Nilitazama mlango, ule ufa wa mwanga, na ndani ya ufa mikono ile mikavu imeshikana, kidole gumba kikisugua kingine. Mtu mzima wa miaka ile, anaogopa. Kwa sababu yangu. Sikuwa nimefikiri kwamba bado kuna mtu aweza kuniogopa hivyo.

"Choo chako," nilisema, "kiko wapi na chumba kiko wapi?"

"Mwanamkisi!" Bi Hadil alilia.

"Choo kiko nyuma, uani," Barka alijibu kwa makini, kama aulizwaye na kadhi. "Kuna mwendo kidogo."

"Kisogeze."

"Nitakijenga ubavuni mwa kitanda, ukitaka."

"Basi rudi kwa kaka yangu Abubakr. Mwambie Mwanamkisi ameridhia. Atanipigia kuniuliza, nami nitamwambia kwa mdomo wangu."

Sauti yake ilikuwa imelowa. "Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi." Kisha makubadhi yakaondoka, na safari hii hayakusimama njiani, yalikwenda upesi, karibu na kukimbia, yakajikwaa mahali, yakaendelea.

Humu ndani hewa ilibaki nzito. Bi Hadil alikuwa amesimama, buibui lake amelikusanya juu ya vifundo kama avukaye tope.

"Kaka yangu Athman yu kaburini," alisema, "na mjane wake atangaza mkojo wake kwa wanaume wa Pate, na kuulizia vyoo vyao. Nyumba hii ilikuwa na heshima. Umetuvua nguo, Mwanamkisi. Niombe radhi. Mwombe radhi na huyu mtoto uliyemdhalilisha."

"Wewe ulisema asikie," nilimwambia. "Ulitaka asikie zinaa. Amesikia mkojo."

"Niombe radhi!"

Mahdi aliinuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Alichukua kanga kavu iliyokuwa kwenye kamba, akanifunika mabegani, mkono wake ukakaa hapo, na kwa mara ya kwanza siku ile uzito wake haukunielemea.

"Mama," alisema, sauti ya chini, "nimekuelewa. Wallahi nimekuelewa. Lakini shangazi ni mtu mzima, na ukuta ni mmoja. Sema neno moja tu. Radhi. Halafu yaishe."

Neno moja. Nililifikiria, kwani mwanangu ameliomba kwa upole. Nililitafuta ndani, pale pote nilipokuwa nikiombea radhi miaka hii: kwa kupiga chafya, kwa kusimama, kwa kumzuia mjukuu wangu, kwa harufu, kwa moshi wa kuficha harufu, kwa kuzeeka mwili ambao ulizaa watu sita, mmoja wao akiwa huyu aliyenifunika kanga. Nilikuwa nimeomba radhi kimya kimya kila alfajiri, na ndoo ya maji mkononi. Sikuona iliyobaki.

Nilisogea mbele. Bi Hadil akadhani naja kumshika mkono, akaunyoosha. Nilimpita. Nikaketi. Juu ya mkeka wa arusi ya Fahima, na kanga zangu mbichi, miguu nimeinyoosha mbele kama bibi arusi, ambavyo sikuwa nimeketi tangu sijui lini.

"Mkeka!" Bi Hadil alisema.

"Mkeka hufuliwa," nilimjibu. "Radhi siombi."